Kufukuza radi mashambani mchana mmoja, ukae wapi na uondoke saa ngapi

Watu wakisikia kufukuza radi, yaani kuifuata dhoruba kwa gari ili uitazame na kuipiga picha, wanadhani unakanyaga mafuta mpaka chini ya wingu lenyewe, hapana jamani, kule chini huoni kitu zaidi ya mvua na vioo vyenye ukungu. Dhoruba inaangaliwa kwa pembeni, na barabara ya kukimbilia iwe wazi.

Asubuhi cheki utabiri, siku nzuri ni ile ya joto zito lenye unyevu, jasho halikauki. Jaza tanki, chaji simu, ramani uipakue kabisa maana mashambani mtandao unakata. Nendeni watu wawili, mmoja anaendesha mwingine anaangalia anga na rada, ile picha ya simu inayoonyesha mvua iko wapi, dereva anayechungulia simu mi namuogopa kuliko radi.

Kuanzia saa nane mchana hivi mawingu yanaanza kufura. Lile ambalo kingo zake za juu zinaonekana kali, linapanda kama povu la sabuni, bado linakua. Likianza kutandaa juu na kingo kufifia ujue huko limeshakuwa barafu na radi haziko mbali. Sasa wengi wanaona wingu kubwa liko kilomita 60 wanalikimbilia, wakati dhoruba ya kawaida inaishi nusu saa mpaka lisaa tu, unafika imeshakufa. We tafuta lile changa linaloota ubavuni mwake. Na picha ya rada inaweza kuchelewa dakika 5 hadi 10, dhoruba inayokwenda kilomita 40 kwa saa ndani ya hizo dakika 10 imeshasogea kilomita 6 na ushee, kwa hiyo macho yako kwanza.

Simama sehemu iliyo wazi ila sio kileleni, mbali na miti, nyaya na uzio wa chuma, iwe barabara ya lami yenye njia mbili za kutokea. Chagua alama moja mbele yako, mnara au kilima, halafu uangalie pazia la mvua. Likihama kushoto au kulia linapita zake. Likibaki palepale huku linazidi kuwa kubwa, linakuja kwako, washa gari.

Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawa kwa 3 unapata kilomita. Chini ya sekunde 30 ingia garini funga vioo, hata kama mvua haijafika, radi inaweza kupiga zaidi ya kilomita 10 kutoka kwenye mvua. Kinachokulinda ni bodi ya chuma, umeme unapita nje yake kwenda chini, sio matairi kama wanavyosema, so pikipiki haifai kabisa. Upepo wa baridi wa ghafla maana yake mvua iko karibu. Na maji yakikata barabara geuza, sentimita 30 tu za maji yanayokimbia zinatosha kubeba gari dogo.

Picha za radi mchana ni ngumu, rekodi video kupitia kioo halafu utoe picha humo. Ila dhoruba ikishapita kuelekea mashariki usiondoke, jua la jioni linaipiga kwa nyuma yote inang'aa na upinde wa mvua unatokea upande huohuo, hapo ndo picha kali zilipo. Kushuka garini subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, ikinguruma tena anza kuhesabu upya.