Gari halitaki kuwaka: pima kwanza, betri utanunua baadaye

Gari likigoma asubuhi, wa kwanza kusingiziwa ni betri. Watu wanafika kijiweni na betri mpya na risiti ya duka la vipuri la Gerezani, Dar, na gari bado halijawaka, kumbe temino (kile kibanio cha waya kinachoshika kichwa cha betri) ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Mimi ni fundi umeme wa magari, na huu ndio mpangilio ninaoufuata. Unahitaji mita ya kidijitali (hata ile ya bei ya chini ya Kariakoo inatosha), brashi ya waya, spana namba 10 na mtu wa kukupigia stata (mota inayozungusha injini ili iwake). Vua pete na saa ya chuma kabla hujagusa chochote.

Hatua ya 1: Sikiliza

Washa taa kubwa, zungusha ufunguo hadi mwisho, huku ukizitazama hizo taa.

Ukisikia *ta-ta-ta-ta* ya haraka na taa zinafifia, umeme haufiki wa kutosha: betri imeishiwa chaji au temino zimelegea. Ukisikia *tak* moja tu na taa hazikutikisika, umeme upo ila hauvuki ndani ya stata. Kukiwa kimya kabisa, wa kushukiwa ni swichi, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), fyuzi au gia. Kwa gari la otomatiki weka N ujaribu tena. Gari la kubonyeza kitufe, kanyaga breki na umwambie mtu aangalie taa za nyuma. Zisipowaka, huenda gari halijui kama umekanyaga, na stata haitapewa ruhusa.

Na stata ikizunguka kwa nguvu zake za kawaida lakini injini haishiki, achana na betri. Hapo tafuta mafuta, plagi au alamu.

Hatua ya 2: Temino

Shika kila temino uizungushe kwa mkono. Ikicheza, imelegea. Kama kuna unga mweupe au wa kijani, fungua hasi kwanza, kisha chanya. Mwagia maji ya moto yenye soda ya kuokea, piga brashi mpaka risasi ing'ae, kausha, kisha rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Magari mengi yanapona hapa hapa, na fundi asiye mwaminifu hatakuambia.

Hatua ya 3: Betri ikiwa imepumzika

Pima gari likiwa limelala usiku kucha. Kama limetoka kuzimwa, washa taa kubwa dakika mbili, zizime, subiri kidogo, la sivyo mita itakudanganya. Weka mita kwenye volti za DC, 20.

Volti 12.6 au zaidi, betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Ukikuta 10.5 hivi na haipandi hata baada ya kuchajiwa, chumba kimoja kati ya sita kimekufa. Hiyo haina dawa.

Kwa betri ya maji, fungua vifuniko. Sahani zikiwa wazi, ongeza maji yaliyosafishwa tu, kamwe usiongeze asidi. Joto la Dar linakausha betri haraka, na foleni ya safari fupi haiipi muda wa kujaa.

Hatua ya 4: Betri ikiwa kazini

Hiki ndicho kipimo chenyewe. Betri inaweza kuonyesha 12.6 ikiwa imepumzika na ikaanguka mara tu ikitwishwa mzigo. Toa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake, mwenzako apige stata kwa sekunde chache, wewe tazama mita. Ikishuka chini ya 9.6 wakati ilikuwa imejaa, betri imechoka. Ikibaki juu ya 10 na stata bado inajikokota, tatizo liko mbele ya betri.

Hatua ya 5: Waya na athi

Wengi wanairuka hatua hii, na ndiko pesa zinakopotelea. Ncha moja ya mita iguse kichwa chenyewe cha betri cha chanya (si temino), nyingine iguse boliti nene ya stata. Piga stata. Ukisoma zaidi ya volti 0.5, waya au maungio yanakula umeme njiani. Rudia upande wa hasi: kichwa cha hasi na chuma cha injini. Hapo isizidi 0.3. Ikizidi, safisha athi (waya wa hasi unaoshika chuma cha gari) inapofungwa kwenye injini na kwenye bodi.

Waya zikiwa salama na bado ni *tak* moja, fungua stata. Stata nyingi za Kijapani zina vipande vya shaba ndani ya solenoidi (swichi kubwa ya stata) ambavyo huliwa kwa miaka. Vinabadilishwa bila kununua stata nzima. Kama ukiigonga stata taratibu inazunguka, mara nyingi ni kaboni (brashi za ndani ya stata) zimeisha.

Hatua ya 6: Altaneta

Altaneta ndiyo inayoichaji betri injini ikiwaka. Rudisha fyuzi, washa gari, pima kwenye betri. Kwa magari mengi utapata 13.8 hadi 14.5. Washa taa na kiyoyozi. Ikishuka chini ya 13 na kubaki huko, kagua mkanda, kisha altaneta. Ikipita 15, inaikaanga betri.

Usikubali mtu avue temino injini ikiwa inaunguruma ili "kujaribu altaneta". Umeme unaweza kuruka juu ghafla na kuua kompyuta ya gari.

Hatua ya 7: Kinachokula usiku

Betri nzima, altaneta nzima, lakini kila asubuhi imekufa? Vua hasi, weka mita kwenye ampea 10 (hamisha na waya mwekundu wa mita uingie tundu la 10A), unganisha kati ya kichwa na temino. Funga milango, subiri nusu saa, na usipige stata. Zaidi ya ampea 0.05 ni nyingi kwa gari la kawaida. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Anza na vilivyofungwa mtaani: redio, alamu, kifaa cha kufuatilia gari. Isipoanguka, chomoa waya wa altaneta. Diodi zake (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) huvujisha.

Ukithibitisha ni betri, soma namba zake kabla ya kwenda dukani. Kwenye 46B24L, 24 ni urefu kwa sentimita na L ni upande wa vichwa. Ukichukua R, waya zinaweza zisifike. Ikiwa na S mwishoni, vichwa ni vinene, na temino zako nyembamba hazitaingia.