Somo: Kufunga boksi la fyuzi la ziada na rilei kwenye pikapu

Pikapu nyingi za huku kwetu, kuanzia Kilwa mpaka Newala, zinaongezewa vitu mwaka hadi mwaka: spotilaiti za kuingilia mashambani msimu wa korosho, friji ya volti 12 ya samaki, taa za kwenye bodi, redio ya mawasiliano, chaja za simu. Kila kitu kinavutiwa waya wake moja kwa moja kutoka kwenye betri, mara nyingi bila fyuzi. Siku waya mmoja ukichubuka kwenye ukingo wa bati, betri nzima inamwaga umeme pale, na moto wa chini ya boneti hauna subira.

Somo hili ni la gari la volti 12. Wenye volti 24 wasome pia swali la tatu huko chini kabla ya kununua chochote.

Piga hesabu kwanza

Gawanya wati kwa volti upate ampea. Spotilaiti mbili za LED za wati 60 kila moja ni wati 120, gawanya kwa 12, unapata ampea 10. Zikiwa za halojeni za wati 100 kila moja, ni karibu ampea 17. Friji ndogo inakula kama ampea 5 ikiwa inafanya kazi. Taa za bodi 2, chaja 3, redio ya mawasiliano angalia kibandiko chake, tuseme 8. Kwa LED jumla ni ampea 28. Tazama pia kibandiko cha alteneta, maana alteneta ndiyo itakayobeba mzigo huu pamoja na taa na feni za gari lenyewe, na injini ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta) alteneta haitoi kiwango kilichoandikwa.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi wanaligeuza: fyuzi inalinda waya. Taa ikiungua, umepoteza taa. Waya ukiungua, umepoteza gari. Kwa hiyo fyuzi iwe juu kidogo ya mzigo, kama robo zaidi, na isizidi kamwe uwezo wa waya. Kwa waya za gari tumia viwango hivi vya tahadhari: waya wa milimita 1.5 za mraba usipite fyuzi ya 15, wa 2.5 usipite 20, wa 4 usipite 30, wa 10 usipite 60.

Vifaa

Boksi la fyuzi la njia 6 lenye kifuniko na reli yake ya ethi (pa kuunga waya za hasi). Kishikio cha fyuzi kuu na fyuzi ya ampea 50. Rilei mbili (swichi zinazoamrishwa kwa umeme mdogo ili zipitishe umeme mkubwa) za ampea 30 au 40 pamoja na soketi zake. Waya wa 10 mwekundu mita 2 na mweusi mita 2. Waya wa 2.5 kama mita 10 kwa taa; waya wa 4 wa kutosha kufika kwenye friji, kwenda na kurudi; waya wa 1 kwa swichi. Tamino (vichwa vya chuma vya ncha za waya) za pete na tamino bapa, koleo la kubania tamino, mirija inayosinyaa kwa moto (chukua ile yenye gundi ndani), bomba la plastiki lenye mikunjo, kebo tai, bolti za milimita 6 za chuma kisichoshika kutu, na multimita.

Kuhusu waya, uwe mkali dukani. Kuna waya mwingi unaouzwa ukiwa ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Waya huo unabeba umeme kidogo kuliko shaba ya unene uleule, na kwa hewa ya chumvi ya Mikindani au Lindi mjini unageuka unga ndani ya tamino. Waya wa nyumba wa uzi mmoja mnene nao usiutumie, mtikisiko wa barabara za changarawe utaukata. Ukipata shaba iliyopakwa bati, ile inayotumika kwenye boti, ongeza pesa uichukue.

Hatua ya 1. Fungua kichwa hasi cha betri kwanza, kisha chanya. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Ukianza kufungua chanya na spana ikagusa bodi, umeshapiga shoti.

Hatua ya 2. Tafuta mahali pa boksi. Ukuta wa ndani wa madigadi unafaa, upande usio na ekzosi wala tabo, juu ya usawa ambao maji ya kuvuka kijito yanafika, na boneti ifungike bila kugusa. Usilifunge juu ya betri yenyewe, mvuke wa asidi unakula shaba. Kabla ya kutoboa, chungulia nyuma ya bati: mara nyingi kuna bomba la breki au waya za gari. Tundu likishatobolewa paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Soketi za rilei zining'inie miguu ikitazama chini, maji yasituame ndani.

Hatua ya 3. Waya mkuu. Kutoka chanya ya betri mpaka fyuzi kuu pasizidi sentimita 20. Kipande hicho kifupi ndicho pekee kisicho na ulinzi, kwa hiyo kivishe bomba la plastiki na kisiguse chuma popote. Kutoka fyuzi kuu, waya wa 10 unakwenda kwenye boksi. Fyuzi yenyewe usiiweke bado.

Hatua ya 4. Ethi. Hapa ndipo kazi nyingi za pwani zinapofia. Waya mweusi uwe na unene uleule wa waya mkuu. Kwangua rangi kwa msasa mpaka bati ling'ae, funga tamino ya pete kwa bolti na washa ya meno, kaza, ndipo upake grisi au vaselini juu yake kuzuia hewa. Usitegemee skrubu ya kujitobolea kwenye bati jembamba, inalegea. Kwa magari mapya yenye kihisi kwenye nguzo hasi ya betri, ethi yako iende kwenye chesisi au bodi na isifungwe juu ya nguzo, la sivyo kompyuta ya gari haitauona umeme unaotumika na chaji itapotoka.

Hatua ya 5. Rilei ya taa. Namba zimeandikwa chini ya rilei yenyewe. Mguu wa 30 unapokea umeme kutoka kwenye fyuzi ya taa, fyuzi ya 15 kwa mfano wetu. Mguu wa 87 unakwenda kwenye taa. Mguu wa 85 unakwenda ethi. Mguu wa 86 unatoka kwenye swichi ya dashibodi, na swichi inapata umeme wake kwenye fyuzi ya ampea 3. Koili, yaani sumaku ya umeme iliyo ndani ya rilei kati ya 85 na 86, inavuta sehemu ndogo tu ya ampea moja, ndiyo maana swichi nyepesi na waya wa 1 vinatosha kuamrisha ampea 10. Rilei ya miguu mitano ina 87a, ambao una umeme rilei ikiwa imezimwa. Ukiunga taa hapo zitawaka kinyume na swichi. Rilei yenye diodi ndani isigeuzwe: chanya kwenye 86, hasi kwenye 85.

Hatua ya 6. Rilei ya friji inaungwa vivyo hivyo, fyuzi ya 10, ila mguu wa 86 uchukue umeme unaopatikana ufunguo ukiwashwa tu. Chepua kwenye fyuzi ya redio ya muziki au ya kiwashio cha sigara. Fyuzi za kompyuta ya injini, breki na mifuko ya hewa usiziguse kabisa. Bila rilei hii friji itamaliza betri usiku ukiwa umeegesha Masasi.

Waya wa friji uwe wa 4 hata kama ampea ni 5 tu. Umbali wa mita 5 kwenda na 5 kurudi kwa waya wa 1.5 unapoteza karibu volti 0.6, na friji inajizima ikidhani betri imeisha. Kwa waya wa 4 unapoteza kama 0.2.

Hatua ya 7. Kupitisha waya. Ukuta kati ya injini na kabini upite kwenye tundu lenye mpira, usipite kwenye bati tupu. Kwenda nyuma, fuata reli ya chesisi upande usio na ekzosi, mbali na bomba la mafuta na springi, ukifunga kebo tai kila baada ya sentimita 30 hivi.

Tamino zibanwe kwa koleo lake, usizichomee risasi. Risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, kisha waya unakatika palepale risasi inapoishia. Vuta kila tamino kwa mkono. Ikichomoka, afadhali ichomoke sasa. Halafu mrija na moto.

Hatua ya 8. Jaribio. Fyuzi zote zikiwa nje, rudisha betri. Mahali pa fyuzi kuu unga balbu ya breki ya wati 21. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti kati ya fyuzi kuu na boksi, na hujaunguza kitu. Ikibaki imezima, weka fyuzi kuu, kisha fyuzi ndogo moja moja. Rangi zake: 3 zambarau, 5 kahawia hafifu, 7.5 kahawia, 10 nyekundu, 15 buluu, 20 njano, 25 nyeupe, 30 kijani.

Washa taa, pima kati ya chanya ya betri na chanya ya taa: ikizidi volti 0.5 kuna kiungo kibovu. Upande wa ethi isizidi 0.2. Baada ya dakika 15 gusa kishikio cha kila fyuzi. Uvuguvugu si tatizo. Kikikuchoma, tamino imelegea.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Nataka spotilaiti ziwake pamoja na fulu. Nimeunga 86 kwenye waya wa fulu wa Hilux ya zamani, rilei haifanyi kazi.* (Tandahimba)

Marahaba. Toyota nyingi za zamani zinawasha taa kwa kukata na kuunga upande wa hasi. Mguu wa pamoja wa balbu una chanya, swichi inapeleka hasi kwenye dimu au fulu. Unga 86 kwenye mguu wa pamoja na 85 kwenye mguu wa fulu, achana na ethi ya bodi. Pima kwanza kwa multimita uhakikishe.

*Rilei inalia tak-tak-tak mfululizo, taa zinapepesa.* (Nachingwea)

Koili haipati volti za kutosha kuishikilia. Anza na ethi ya 85, ndiyo mkosaji mara nyingi, kisha kichwa cha betri, kisha chaji ya betri yenyewe. Kubadilisha rilei kabla ya kupima hivyo ni kutupa pesa.

*Mimi nina Canter ya volti 24. Naweza kuchukua 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili?* (Lindi)

Usifanye hivyo kaka. Betri moja itashuka na nyingine itachajiwa kupita kiasi, zote mbili zitakufa mapema. Tumia kigeuzi cha 24 kwenda 12 kwa redio na chaja. Taa za LED zilizoandikwa volti 10–30 ziunge moja kwa moja, ila rilei iwe ya koili ya volti 24.

*Fyuzi ya 15 ya taa inaungua kila mvua ikinyesha. Fundi mmoja kaniambia niweke 30.* (Mtwara)

Waya wako ni wa 2.5, na 30 inazidi uwezo wake, kwa hiyo kitakachoungua ni waya. Maji yanaingia mahali. Chomoa plagi ya kila taa, weka fyuzi, rudisha moja moja mpaka ile inayokata. Angalia hasa plagi za mbele ya rejeta: ukiona ukijani kwenye pini, kata sehemu hiyo yote mpaka ufike kwenye shaba nyekundu, kisha funga plagi mpya yenye mpira.