Kutunza kano inayopona ukiwa unatumia dawa za kisukari au za kupunguza uzito

Kano ni ukamba mgumu unaounganisha msuli na mfupa, na kwa kuwa damu inayoifikia ni kidogo, hupona kwa miezi. Kano ya Achilles iliyokatika nyuma ya kisigino yaweza kuendelea kujijenga hata mwaka mzima. Mwenye kisukari ana mzigo wa ziada, kwani sukari iliyozidi hunata kwenye nyuzi za kolajeni, protini inayoijenga kano, na kuzikakamaza. Kwa hiyo usiache metformini wala insulini kwa kuhofia kwamba zitachelewesha kupona, maana sukari iliyoachwa ipande ndiyo adui anayefahamika.

Anza kwa kupima HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi 3 iliyopita, kisha umpelekee mtaalamu wa fiziotherapia majibu hayo pamoja na orodha ya dawa zako zote. Anayetumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) apime sukari kabla ya mazoezi na awe na kitu kitamu mfukoni, kwa sababu mazoezi yenyewe huishusha.

Sindano za kila wiki, yaani semaglutidi (Ozempic, Wegovy) na tirzepatidi (Mounjaro), zinahitaji uangalifu wa namna nyingine. Hupunguza hamu ya kula na kukifanya chakula kikae tumboni muda mrefu, na sehemu ya uzito unaopungua huwa ni msuli, si mafuta peke yake. Mtu asiyehisi njaa hunywa chai ya rangi asubuhi, mchana akala vijiko vitatu vya wali, akaridhika. Mizani inamfurahisha, lakini kano haijapewa cha kujijengea. Kiwango kinachopendekezwa mara nyingi kwa anayepona jeraha ni gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ambazo kwa mtu wa kilo 80 ni karibu gramu 96 hadi 128. Yai moja lina takriban gramu 6, bilauri ya maziwa gramu 8, na kipande cha samaki cha gramu 100 zaidi ya 20. Anza kula samaki, maharage au mayai kabla ya wali, ili tumbo likijaa mapema kilichobaki sahanini kiwe wanga. Mwenye tatizo la figo asipandishe protini kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Chakula bila mazoezi hakitoshi, kwani nyuzi mpya hujipanga kwa kufuata mvuto zinaoupata. Mtaalamu akisharuhusu, simama ukishika ukuta, inua visigino taratibu, kisha vishushe taratibu zaidi.

Ukipangiwa upasuaji, mweleze daktari wa usingizi siku uliyochoma sindano ya mwisho, kwa sababu chakula kilichobaki tumboni kinaweza kuingia kwenye mapafu. Huenda akakutaka unywe vimiminika tu kwa saa 24. Usijitungie ratiba: semaglutidi hupungua nusu mwilini kwa takriban wiki moja, hivyo kuruka dozi moja hakuiondoi yote. Dapagliflozini na empagliflozini, vidonge vya kisukari vinavyotoa sukari kupitia mkojo, kwa kawaida husimamishwa siku 3 kabla ya upasuaji, kwa agizo la daktari, kwani huweza kuleta asidi ya hatari katika damu hata sukari ikionekana ya kawaida.

Dawa mbili nyingine zinastahili kutajwa. Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, hupandisha sukari kwa siku kadhaa na yaweza kudhoofisha kano. Siprofloksasini, antibiotiki ambayo wengi wetu huinunua duka la dawa kwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) bila hata kuulizwa swali, ilipewa onyo kali kuhusu kukatika kwa kano nchini Marekani mwaka 2008. Mtajie mwuzaji jeraha lako kabla hajafungua kabati.

Ukisikia mlio wa ghafla nyuma ya mguu, kisha ukashindwa kusimama kwa ncha za vidole, nenda hospitali siku hiyohiyo, na usiukande mguu.