Namna ya Kusali Ukiwa Peke Yako, Si Kanisani Tu

Mtu anaweza kubatizwa, kupata kipaimara, kulipa ahadi kila mwezi na kukalia benchi lile lile la kanisa hapa Moshi miaka 30, na bado akashindwa kusali dakika tano bila kuongozwa. Liturujia, yaani utaratibu wa ibada, haina kosa. Kilichokosekana ni sala ya faraghani, ile ya Mathayo 6:6: ingia chumbani, funga mlango.

Chagua saa isiyobadilika. Kwa mtu wa kihambani, yaani shamba la migomba la nyumbani, saa 11 alfajiri kabla ya kukata majani ya ng'ombe inafaa. Usiku wengi husinzia. Dakika 15 zinatosha. Tumia Biblia ya karatasi, maana ukifungua simu utakutana kwanza na ujumbe wa michango ya harusi.

Soma aya 8 hadi 12, si zaidi. Anza na Marko, yenye sura 16 tu. Wanaoanzia Mwanzo wakitaka kumaliza Biblia nzima hukwama Mambo ya Walawi, wakaona aibu, wakaacha kabisa.

Kisha sali kwa njia ambayo Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, alimwandikia kinyozi wake, Peter, mwaka 1535. Kifungu kimoja kipitie hatua nne: fundisho, shukrani, toba, ombi. Chukua "Utupe leo riziki yetu" ya Sala ya Bwana. Fundisho: tunaombea ya leo, si ya kujaza ghala. Shukrani: mkungu ulioiva mgombani. Toba: kibarua uliyempunja shilingi 2,000. Ombi: riziki yako, na ya kibarua huyo pia.

Toba ndiyo watu huiruka, wakakimbilia kuomba. Iandike kwenye daftari kwa jina la kitendo chenyewe. "Nimekosa" pekee haikugusi popote. Na hela ya watu irudishwe wiki hiyo hiyo.

Kosa la pili ni zito zaidi: akishaonja utamu wa sala binafsi, mtu huacha ibada na jumuiya, akisema Mungu yu moyoni. Usithubutu. Ukiwa peke yako hakuna wa kukukosoa, wala hujipi Meza ya Bwana mwenyewe. Jumamosi jioni soma masomo ya kesho yake, upitie na daftari. Jumapili, wakati wa maungamo, tamka maneno yale yale ya kukiri dhambi na wenzako, na ukifika kwenye neno "matendo", mkumbuke yule kibarua.