Kuongeza oili na kupunguza joto kwenye usukani wa haidroliki wa lori la porini

Usukani ni mwepesi asubuhi mkitoka Mafinga. Saa nane mchana mko ndani ya msitu wa Sao Hill, mzigo wa magogo juu, tope limefika kwenye rimu, na sasa usukani mzito, pampu inalia. Usikimbilie kununua pampu. Nimewasaidia madereva wa mbao na wa viazi vya Makete wenye shida hiyohiyo, na mara nyingi kilichoiua pampu ni joto. Ukifunga mpya kwenye mfumo uleule, nayo itakufa vilevile.

Joto linatoka hapa: ukikata usukani mpaka mwisho ukaendelea kuuvuta, oili haina pa kwenda. Inapenya kwa nguvu kwenye vali ya usalama ya pampu na nguvu yote hiyo inageuka joto. Chukua pampu inayosukuma lita 10 kwa dakika kwa presha ya baa 80. Hizo ni takriban wati 1,300, sawa na pasi ya umeme iliyozamishwa kwenye oili. Kwa lita 1 ya oili, nusu dakika inapandisha joto kwa zaidi ya nyuzi 20. Kwa lita 3, ni nyuzi 7 au 8 tu. Lakini oili nyingi inachelewesha joto, hailiondoi. Kuliondoa ni kazi ya rejeta ndogo ya kupoza oili, kwa hiyo unahitaji vyote viwili: oili nyingi na rejeta.

Hatua ya 1: Pima

Tumia kipimajoto cha kulenga, kile kinachopima kwa mbali bila kugusa, mara tu lori linapotoka kwenye tope. Lenga mpira wa kurudisha oili kwenye tangi, si chuma kinachong'aa, maana chuma hicho kinadanganya kipimo. Chini ya nyuzi 100, acha kama kulivyo. Ikikaribia 120, oili inaharibika haraka na sili za mpira zinakauka. Oili iliyogeuka kahawia na kunuka kuungua imeshakupa jibu.

Hatua ya 2: Tangi

Kwa oili ya usukani napendelea tangi la chuma la lita 2 hadi 3, lenye filta ndani. Likae juu kuliko pampu. Oili inayorudi iingie chini ya usawa wa oili, mbali na tundu la kunyonya, na katikati kuwe na bati la kuzuia ili povu lipate nafasi ya kupanda na kupasuka. Usilijaze hadi shingoni: lita 3 zikipata joto la nyuzi 80 zaidi zinavimba kwa karibu mililita 200. Kifuniko kiwe na tundu la kupumulia lililokingwa vumbi.

Hatua ya 3: Mpira wa kunyonya

Hatua hii ndiyo inayokula siku nzima, kwa hiyo isome taratibu.

Mpira unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu hausukumi, unanyonya. Ukilegea kidogo hautadondosha hata tone wakati injini inafanya kazi, utavuta hewa tu. Utazunguka lori zima ukitafuta panapovuja, ukute pakavu, na pampu bado inalia. Oili inajaa povu na kupauka, haibebi joto vizuri, na usukani unasitasita mikononi. Kuna lori la mbao lililotushinda gereji tangu asubuhi hadi jioni. Tukabadilisha filta, tukakaza mkanda, tukatoa upepo tena na tena. Kumbe mpira ulikuwa mpana kidogo kuliko bomba, klampu ikaukunja, na kwenye kunjo hilo hewa ikapata njia.

Kipimo chake ni rahisi. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, paka grisi nzito kuzunguka kiungo kimoja kimoja. Sauti ikibadilika, au povu likipungua baada ya muda mfupi, umekipata. Kunja mikono ya ovaroli na ukae mbali na feni na mkanda.

Grisi haitakuonyesha kila kitu. Sili ya shafti ya pampu, nyuma ya puli, nayo ikichakaa inavuta hewa, na hapo grisi haifiki. Tena, oili iliyopauka inaweza kuwa imeingia maji, hasa kama lori lilivuka mto. Weka kidogo kwenye chupa angavu uiache usiku kucha: hewa itapanda na oili itang'aa, lakini maji yataiacha na ukungu. Na huko Kitulo, juu ya mita 2,500, asubuhi za Juni na Julai pampu inaguna kwa sababu oili ni nzito kwa baridi. Iache injini ipate moto kabla ya kukata kona. Sauti ikiisha, hakuna ugonjwa.

Mpira wenyewe uwe mfupi, usio na kona kali, na upana usiwe chini ya mdomo wa pampu. Nunua mpira wa oili wenye waya ndani. Mpira wa maji ya rejeta sikubali kabisa: oili inaulainisha, ukipata moto unajifinya na kuziba. Waya wa kufungia nao usiuweke badala ya klampu.

Hatua ya 4: Rejeta ndogo ya oili

Ifunge kwenye njia ya kurudi tu. Presha ya njia ya kwenda, inayotoka kwenye pampu hadi kwenye usukani, itaipasua. Kwenye tope lori linatambaa na hakuna upepo, hivyo ipe feni yake ya umeme au iweke feni ya injini inapovuta. Usiifunge chini ya bampa: udongo wa Tukuyu utaziba mapezi safari ya kwanza. Chagua kubwa kidogo kuliko ambayo ingetosha Dar es Salaam, kwa sababu Mbeya, kwenye mita 1,700, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani.

Hatua ya 5: Oili na upepo

Weka aina iliyoandikwa kwenye kifuniko au kitabu cha gari, kutoka kopo lililofungwa. Oili ya kupima kwenye chupa za maji, hapana. Inua ekseli ya mbele, weka stendi, injini ikiwa imezimwa. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho polepole huku utingo akiongeza, mpaka mapovu yaishe. Ndipo uwashe.

Hatua ya 6: Dereva

Kwenye pampu nyingi, usukani ukiwa umegota mwisho, oili inazunguka ndani ya pampu yenyewe na haifiki kwenye rejeta. Kwa hiyo ukifika mwisho, legeza kidogo mara moja. Ukinasa, nyoosha matairi na uchimbe kwa koleo kabla ya kujaribu tena. Baada ya safari ya kwanza angalia usawa wa oili ikiwa imepoa, kaza klampu zote, kisha rudia kupima kwenye njia ileile na mzigo uleule.