Namna ya Kuchagua Mtaa wa Kutembea kwa Miguu Karibu na Bustani, na Namna ya Kuishi Ndani Yake

Watu wengi wanapotafuta nyumba katika jiji kubwa huanza na idadi ya vyumba na kumalizia na kodi. Hayo ni maswali ya lazima, lakini hayagusi jambo litakaloamua ladha ya maisha ya kila siku, yaani ukishafungua mlango na kutoka, miguu yako itakufikisha wapi na itapita wapi. Katika mtaa ambao duka, shule, zahanati, kituo cha basi na bustani ya umma vyote vinafikika kwa mwendo wa dakika chache, mtu hupata vitu viwili ambavyo jiji kubwa huvitenganisha kwa kawaida: wingi wa watu na shughuli, pamoja na utulivu wa miti na nafasi ya wazi. Mtaa wa namna hiyo unaweza kutafutwa kwa utaratibu, na katika utafutaji huo ninashikilia kanuni moja juu ya nyingine zote: usipime umbali wa bustani peke yake, bali ipime njia ya kuifikia.

Anza na ramani

Mtu mzima mwenye afya hutembea takriban kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo mita 400 ni mwendo wa dakika tano hivi, na mita 800 ni dakika kumi. Chukua ramani, iwe ya karatasi au ya simu, weka alama kwenye nyumba unayoifikiria, kisha utafute mahali pa kununua mahitaji ya kila siku, kituo cha usafiri, na bustani iliyo karibu zaidi. Mtaalamu wa misitu ya mijini kutoka Uholanzi, Cecil Konijnendijk, alipendekeza mwaka 2021 kanuni iliyo rahisi kukumbukwa ya 3-30-300: kila mtu aweze kuona angalau miti mitatu akiwa nyumbani kwake, matawi ya miti yafunike angalau asilimia 30 ya eneo la mtaa, na bustani au eneo la kijani la karibu lisiwe mbali zaidi ya mita 300. Ni mitaa michache inayotimiza masharti yote matatu, na si lazima ukatae nyumba kwa kukosa moja. Faida yake ni kwamba inakulazimisha kutazama mambo matatu tofauti, kwa sababu bustani nzuri iliyo mwisho wa barabara isiyo na mti hata mmoja haikusaidii sana saa saba mchana jua linapowaka.

Ramani ina kasoro yake, nayo ni kwamba hukuonyesha mstari ulionyooka ilhali wewe huna mabawa. Bustani inaweza kuonekana iko mita 200 kutoka mlangoni, kumbe lango lake liko upande wa pili, au kati yenu imepita reli, mto au barabara ya njia sita yenye kivuko kimoja tu kilicho mbali. Kwa hiyo tafuta malango ya bustani kwanza, kisha upime kutoka mlangoni pako hadi langoni kwa kufuata barabara zenyewe.

Tazama pia ukubwa wa vitalu vya majengo, yaani maeneo ya majengo yaliyo kati ya barabara moja na nyingine, jambo ambalo wapangaji wengi hawalifikirii. Katika sehemu ya katikati ya jiji la Portland nchini Marekani, upande mmoja wa kitalu una urefu wa takriban mita 61. Katika eneo la Eixample la Barcelona ni kama mita 113, na katikati ya Salt Lake City hufikia takriban mita 200. Vitalu vikiwa vifupi, mwenda kwa miguu hupata kona nyingi na njia nyingi za kuchagua. Asubuhi anaweza kupita barabara yenye maduka, na jioni akarudi kwa barabara ya nyuma yenye kivuli, bila kuongeza hatua. Vitalu vikiwa virefu, kosa moja dogo la kupinda linamgharimu dakika kadhaa, na polepole anaacha kutembea.

Itembee njia yenyewe

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ningependa msomaji atumie muda mwingi hapa kuliko mahali pengine popote. Kabla ya kutia saini mkataba wa pango, nenda mtaani hapo zaidi ya mara moja, kwa nyakati tofauti: asubuhi ya siku ya kazi watu wanapokimbilia usafiri na watoto wanapokwenda shule, usiku baada ya giza kuingia, na siku ya mapumziko. Ukipata nafasi, nenda pia baada ya mvua kubwa, maana maji yaliyotuama yatakuonyesha mahali ambapo njia ya watembea kwa miguu imebonyea na mahali ambapo magari huwarushia watu tope.

Toka kwenye mlango wa nyumba hiyo, tembea hadi dukani, ununue vitu halisi vya kujaza mifuko miwili, kisha urudi navyo mkononi. Njia inayoonekana fupi mikono ikiwa mitupu hujieleza upya kabisa ukiwa na mzigo: utakigundua kilima ambacho hukukiona, ukingo wa barabara ulio juu mno, gari lililoegeshwa juu ya njia ya watu, na nguzo iliyosimikwa katikati ya njia hiyo ikikulazimisha kushuka barabarani. Ikiwa una mtoto mchanga, tembea na kigari chake. Ikiwa unaishi na mzee au mtu anayetumia kiti cha magurudumu, mwombe mfuatane. Kwa viti viwili vya magurudumu kupishana bila shida, njia inahitaji upana wa mita 1.8 hivi, na huhitaji kipimo cha fundi ili kujua kama upana huo upo: tazama tu kama watu wawili wanaotembea bega kwa bega wanaweza kumpisha wa tatu bila kushuka barabarani.

Kwenye makutano yenye taa, simama uhesabu sekunde ambazo mwenda kwa miguu hupewa. Mwongozo wa taifa wa Marekani kuhusu alama za barabarani hukadiria mwendo wa mtembeaji kuwa takriban mita 1.07 kwa sekunde, kwa hiyo barabara ya upana wa mita 15 humtaka mtu huyo kama sekunde 14 kuivuka. Wazee wengi huenda polepole kuliko hapo. Ikiwa taa inabadilika huku mama mzee angali katikati ya barabara, umeshajifunza jambo la maana kuhusu mtaa huo, hata kama dalali anakusifia bustani iliyo ng'ambo. Mwendo wa magari nao ni wa kuangaliwa. Azimio la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani lilihimiza kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na watembea kwa miguu huchanganyika, na tofauti kati ya barabara inayofuata kikomo hicho na ile ya kilomita 50 utaisikia masikioni kabla ya kusoma kibao chochote: katika ile ya kwanza watu wawili huweza kuongea bila kupaza sauti.

Usiku, tazama madirisha na milango zaidi ya taa. Barabara yenye taa kali lakini iliyozungukwa na kuta ndefu zisizo na dirisha humfanya mtu aharakishe hatua, ilhali barabara yenye mwanga wa wastani, yenye maduka ambayo bado yako wazi na watu wanaochungulia kutoka vibarazani, humtuliza. Mwandishi Jane Jacobs, aliyeishi katika mtaa wa Greenwich Village mjini New York, alieleza jambo hili kwa kina katika maandishi yake ya mwaka 1961: usalama wa barabara ya mjini hutegemea sana macho ya wenyeji na ya wapita njia. Kwa maoni yangu hakuna kifaa cha ulinzi kinachoweza kuchukua nafasi ya macho hayo.

Ikague bustani

Si kila eneo la kijani kwenye ramani ni lako. Gramercy Park ya New York hufungwa kwa kufuli na funguo hupewa wakazi wanaoizunguka, na London ina bustani kadhaa za viwanja zinazotumiwa na wakazi wa majengo ya jirani peke yao. Uliza kama bustani ni ya umma, na uulize saa zake. Central Park ya New York hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa saba usiku, lakini Bustani ya Luxembourg jijini Paris hubadilisha saa za malango yake kulingana na majira. Anayepanga kufanya mazoezi kabla ya kazi asipolichunguza hili atalikuta lango limefungwa.

Ukubwa haunivutii sana. Bustani kubwa ina mandhari na njia ndefu za kukimbilia, lakini kiwanja cha hekta moja chenye miti iliyokomaa, benchi zilizo kivulini, maji ya kunywa na choo safi kitatumiwa kila siku na mtoto, mzee na mfanyakazi anayetafuta robo saa ya kupumzisha akili. Kaa kwenye benchi kwa muda. Angalia ni akina nani wanaokuja. Bustani yenye wanawake waliokuja bila kusindikizwa wakisoma, watoto wakicheza na wazee wakiongea, yote kwa wakati mmoja, imeshakaguliwa na watu wanaoijua kuliko wewe.

Na miti hufanya kazi hata usipoikaribia. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Wale ambao dirisha lao lilitazama miti waliruhusiwa kutoka mapema na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko wale waliotazama ukuta wa matofali. Kwa hiyo ukikagua nyumba, nenda dirishani, na ulichague dirisha lenye mti hata kama chumba chake ni kidogo kuliko kingine.

Wapi hasa pa kukaa

Nyumba zinazotazamana na bustani hupanda thamani, na jambo hili si geni: Frederick Law Olmsted, aliyeibuni Central Park pamoja na Calvert Vaux, alifuatilia kupanda kwa thamani ya ardhi iliyoizunguka ili kuonyesha kwamba gharama ya bustani ilikuwa na marejesho. Ushauri wangu ni kutafuta barabara ya tatu au ya nne kutoka bustanini. Kodi huwa na nafuu, kelele za matamasha na za magari yanayotafuta maegesho siku za mapumziko hupungua, na unachoongeza ni dakika tatu za kutembea, ambazo zenyewe ndizo raha uliyoifuata. Ikiwa bustani ni mpya au inakarabatiwa, soma kwa makini kifungu cha mkataba kinachohusu kupandishwa kwa kodi.

Baada ya kuhamia

Mtaa mzuri hauleti faida kwa mtu aliyeendelea na mazoea ya gari. Badilisha manunuzi makubwa ya mara moja kwa juma yawe madogo ya mara kwa mara, yanayobebeka kwa mkono mmoja. Ipitishe safari yako ya kazini ndani ya bustani, hata ikibidi kushukia kituo kimoja kabla, kwa sababu matembezi yaliyofungamanishwa na shughuli ya lazima hudumu kuliko yale yanayosubiri nafasi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, na anayetembea kwa hatua za haraka robo saa kwenda na robo saa kurudi, siku tano, huwa amefikia 150 bila kutenga muda wa ziada.

Pita njia moja kwa saa zilezile kwa majuma ya mwanzo. Utaanza kuwatambua mwenye duka, mlinzi, mzee wa benchi ya kwanza, na mama anayempeleka mwanawe shule, nao watakutambua. Salamu ikishakuwa ya kawaida, habari za mtaa hukufikia zenyewe, zikiwemo za nyumba inayoachwa wazi kabla haijatangazwa.

Mwisho, jiunge na wanaoitunza bustani hiyo. Central Park ilikuwa imechakaa sana katika miaka ya 1970, na mwaka 1980 wananchi waliungana kuunda taasisi ya kuihudumia kwa kushirikiana na jiji, ambayo inaisimamia hadi leo. Katika jiji hilohilo, wakazi wakiwemo Shirley Hayes na Jane Jacobs walipinga mpango wa Robert Moses, afisa wa jiji aliyekuwa na nguvu kubwa katika ujenzi wa barabara na bustani, wa kupitisha barabara katikati ya Washington Square Park, na mwishoni mwa miaka ya 1950 walifanikiwa. Kwako huenda kazi ikawa ndogo zaidi: taa iliyozimika kwenye njia ya kati, mti uliokauka, lango linalofungwa mapema bila sababu. Iandikie ofisi ya jiji barua fupi yenye jina la barabara, mahali hasa penye tatizo, tarehe uliyoliona na picha yake, majirani wengine watie saini, uombe namba ya kumbukumbu ya barua hiyo, kisha ufuatilie baada ya majuma mawili ukiitaja namba hiyo.