Majani ya mkaratusi: kuyachuma, kuyakausha na kujifukiza bila kuungua

Fundi akija kuangusha miti kwenye kilima chetu huku Kabare, macho ya wote huwa kwenye shina. Shina litakuwa nguzo, mbao, au makala (makaa) ya kushuka Bukavu sokoni Kadutu. Matawi yanabaki chini, na jioni watoto wanayaburuta kwenda kuwashia moto. Mimi hufika mapema na gunia langu, maana dawa iko kwenye hayo matawi. Kila mvua za mwezi wa tisa zikianza na vifua kubana, watu hunijia kuomba majani. Siku hizi simpi mtu majani bila kumweleza namna ya kuyatumia, na sababu utaiona kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Jua ni mkaratusi upi

Asili ya mikaratusi ni Australia, na aina zake ni mamia. Mzuri kwa kifua ni ule ambao wataalamu wanauita Eucalyptus globulus. Jani lake lililokomaa ni refu, limepinda kama mundu, na pande zote mbili zina rangi moja. Mwingine unaopandwa kwa nguzo, Eucalyptus saligna, jani lake ni kijani kizito juu na limepauka chini. Huo uachie mafundi.

Globulus mchanga anawachanganya wengi, kwa sababu majani yake ni mapana, ya rangi ya majivu, na yana unga mweupe unaofutika kwa kidole. Mimi siyachumi hayo. Nangojea marefu ya matawi yaliyokomaa.

Sasa inua jani moja mbele ya jua. Utaona vitone vidogo vinavyopitisha mwanga, kana kwamba mtu amelichomachoma kwa sindano. Hivyo ni vifuko vya mafuta. Livunje, ulinuse. Likiwa zuri, harufu inapanda mpaka kwenye paji la uso na pua inahisi baridi. Ukisikia harufu ya ndimu, umeshika mkaratusi wa aina nyingine. Harufu yake mbu hawaipendi, lakini kwa kifua tafuta huu wa kwanza.

Hatua ya 2: Chuma na kausha

Chukua majani mazima, yasiyo na madoa wala utando wa buibui. Yaoshe, yakung'ute maji, yatandaze juu ya mkeka chini ya paa, mahali penye upepo. Usiyaanike juani, kwa sababu jua linabeba ile harufu unayoitafuta. Kiangazi yanakauka kwa siku tano au sita. Wakati wa mvua hesabu hata kumi, na uyageuze kila asubuhi. Yamekuwa tayari jani likivunjika kwa mlio badala ya kujikunja. Yaweke kwenye kopo lenye kifuniko.

Hatua ya 3: Kujifukiza

Miaka kadhaa iliyopita nilimpa mama mmoja jirani fungu la majani bila kumwambia zaidi ya "chemsha tu". Alijifunika kitenge pamoja na mtoto wake wa miaka minne, sufuria ikiwa kwenye mkeka katikati yao. Mtoto alishindwa na joto, akarusha mguu, maji yakamwagikia mapajani. Alipona, lakini makovu anayo mpaka leo, na kila nikikutana naye njiani nayakumbuka. Kwa hiyo fuata kwa utaratibu huu:

1. Chemsha lita moja ya maji. Ondoa sufuria kwenye mbabula kabisa.
2. Iweke juu ya meza nzito isiyotikisika. Usiiweke chini wala juu ya magoti.
3. Tia majani makavu manane hadi kumi uliyoyavunja. Ngoja dakika tatu, ule mvuke mkali wa kwanza upite.
4. Kaa kwenye kiti, fumba macho, uso uwe mbali na maji kiasi cha mkono mpaka kiwiko. Jifunike kitambaa chepesi, ukiacha upenyo wa hewa.
5. Vuta pumzi taratibu kwa dakika tano hadi kumi. Mara mbili kwa siku zinatosha.

Mtoto mdogo asiingie chini ya kitambaa, hata ukiwa umemshika. Mwenye pumu naye aache, kwa sababu harufu kali inaweza kumbana zaidi. Mama mjamzito aulize kwanza kituo cha afya.

Mvuke unafungua pua na kulegeza makohozi, basi. Hauui malaria. Homa ikipanda, nenda ukapimwe damu. Mtoto akipumua haraka, au mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, mbebe mkimbie hospitali saa hiyohiyo.

Hatua ya 4: Mafuta ya kuchua

Kikombe kimoja cha majani makavu, vikombe viwili vya mafuta ya alizeti, ndani ya bakuli linalokaa kwenye sufuria ya maji. Moto uwe mdogo, saa mbili, bila mafuta kuchemka. Chuja kwa kitambaa safi. Majani yenye unyevu yataozesha chupa nzima, kwa hiyo hakikisha yamekauka kweli. Chua mgongo na kifua cha mtu mzima. Watoto chini ya miaka miwili usiwapake, hasa karibu na pua.

Vile vichupa vidogo vya mafuta makali vinavyouzwa mjini ni kitu kingine kabisa. Hayo hayanywewi, hata tone kwenye chai. Kijiko kimoja tu kinaweza kumtia mtoto degedege. Yafungie juu.

Majani yaliyobaki na kisiki

Yaliyopondeka nachanganya kwenye gunia la maharagwe. Wadudu hupungua, ingawa hawatoweki wote. Ukitaka kupanda miti yako, acha mita mbili na nusu kati ya mche na mche, na kaa mbali na chemchemi na shamba, maana mkaratusi unakunywa maji mengi na maharagwe hayastawi chini yake.

Ukiisha kukata, using'oe kisiki. Kitachipua vichipukizi vingi. Vikifika urefu wa mtu, bakiza viwili vilivyonyooka na kushika vizuri, vingine viondoe kwa panga ukikata kutoka chini kwenda juu, ili ganda la kisiki lisichanike.